Bosi ameruhusu, sheria imenyamaza: mbona bado ni kosa?

Swali la msomaji: "Mwalimu, huu ni mwaka wangu wa pili kwa ajenti mmoja wa nyumba hapa Nairobi. Januari nilimpangisha mama mwenye watoto wawili nyumba ya chini kwenye ploti iliyo kando ya Mto Ngong, upande wa Embakasi. Ofisi nzima inajua kwamba masika yakikaza maji huingia mle ndani. Mama hakuuliza, nami sikusema. Bosi anasema hatukumdanganya mtu, sheria haitulazimishi kutaja kasoro ambayo mteja hajaiuliza, na maajenti wote hufanya hivyo. Wiki hiyohiyo bosi alinifokea mbele ya wateja kwamba sina maadili, kwa kuwa nilikuja bila tai na nikamwita mteja mzee kwa jina lake la kwanza. Mama yangu naye anasema dhambi yangu kubwa ni kufanya kazi Jumapili. Kati ya haya yote, kosa la kimaadili ni lipi, na linatofautianaje na mengine? Nikisema kweli, lililonitia aibu zaidi ni la tai."

Ndugu yangu,

Nianze na jibu lenyewe. Kosa la kimaadili katika barua yako ni lile la maji. Tai ni kanuni ya ofisi tu. Kumwita mzee kwa jina la kwanza ni kukosa adabu, na adabu ina uzito wake. Jumapili ni jambo la ibada, na kwa kuwa aliyelisema ni mama yako nitalijibu kwa utaratibu. Ila nikikuachia orodha hiyo peke yake sitakuwa nimekusaidia, maana kesho utaletewa jambo la tano ambalo halimo. Afadhali nikuonyeshe jinsi ninavyopima.

Huwa nauliza: kanuni hii, nani ana uwezo wa kuifuta?

Tai ina mwenyewe. Bosi aliyeileta ndiye atakayeiondoa. Akitangaza Jumatatu kwamba kuanzia sasa ni fulana zenye nembo ya kampuni, atakayekuja na tai ndiye atakuwa amekosea. Hakuna aliyeumia siku uliyoikosa, na hakuna atakayepona ukiivaa.

Sheria pia ina mwenyewe, ingawa mwenyewe ni mkubwa zaidi. Unakumbuka mifuko ya plastiki. Tarehe 27 Agosti 2017 mama mboga angeweza kukufungia sukuma wiki kwenye mfuko na asitende kosa lolote. Siku iliyofuata, mfuko uleule ulikuwa na faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Hakubadilika mama mboga wala sukuma. Kilichobadilika ni tangazo la waziri katika Gazeti Rasmi, na kilicholetwa kwa tangazo kinaweza kuondolewa kwa tangazo. Lakini angalia jambo moja: sababu ya kupiga marufuku mifuko ilikuwepo muda mrefu kabla ya waziri kutia sahihi. Mitaro iliziba, na mtaro ukiziba maji huhamia kwa jirani. Waziri aliweza kuanzisha faini. Hakuweza kuanzisha wala kufuta madhara yenyewe.

Kuna sheria ambazo ni makubaliano matupu. Sisi tunaendesha gari upande wa kushoto. Ethiopia wanaendesha kulia. Dereva wa lori akivuka mpaka Moyale anabadilisha upande, na hakuna anayesema Waethiopia wamepotoka. Hata hivyo makubaliano yakishafanywa, atakayeendesha kulia hapa Thika Road hatakuwa amevunja makubaliano tu. Ataua watu. Kwa hiyo kanuni isiyo ya maadili inaweza kubeba uzito wa maadili pale uhai wa wengine unapoitegemea. Nakuomba ulishike hilo, kwa sababu wapo wanaosikia kwamba sheria na maadili ni vitu viwili wakadhani basi sheria haiwahusu.

Upande wa pili, sheria inaweza kuwa sahihi kwa taratibu zote na bado ikawa uovu. Mji huu unalijua hilo. Chini ya ukoloni, mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimishwa kutembea na kipande, yaani kitambulisho, kikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, na kutokuwa nacho kulikuwa kosa la jinai. Ilikuwa sheria kamili, imepitishwa na baraza na kutekelezwa na polisi. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922 kwa kupinga mambo ya aina hiyo, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, mahali palipo karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi leo. Tarehe 16 polisi wakafyatua risasi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 20, na mmoja wao ni Mary Muthoni Nyanjiru, aliyekuwa akiwahimiza wanaume wasirudi nyuma. Ukipima siku ile kwa sheria peke yake, wenye makosa ni waliokuwa wamesimama barabarani. Nadhani hutakubali kuipima hivyo, na hapo ndipo unapogundua kwamba una kipimo kingine mkononi.

Sasa turudi kwa bosi wako. Kwanza, hata kisheria hayuko salama anavyodhani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inahesabu kunyamazia jambo la msingi, pale unyamavu huo unapompotosha mteja, kuwa ni udanganyifu. Wakili anaweza kubishana iwapo vifungu hivyo vinaifikia nyumba ya kupanga namna hii, na mimi si wakili. Kwa hiyo tumpe bosi wako anachotaka: tuseme sheria imenyamaza kabisa. Je, amepona?

Hoja yake ni ya kale kuliko anavyojua. Mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, alimwandikia mwanawe kuhusu mtu anayeuza nyumba yenye madhara: watu wanaidhania ni salama, kumbe si nzuri kwa afya, vyumbani mnatokea nyoka na wadudu, na mbao zake zimeoza. Anayejua ni mwenye nyumba peke yake. Akiiuza bila kusema, kwa bei kubwa kuliko alivyotarajia, amekosea? Cicero anaeleza jinsi wanafalsafa wawili wa Kistoa walivyotofautiana. Diogenes wa Babeli alisema hakuna kosa: kutosema si kuficha, mnunuzi hakulazimishwa, na muuzaji anapaswa kutaja kasoro zile tu ambazo sheria inamtaka azitaje. Mwanafunzi wake, Antipater wa Tarso, akakataa. Alisema kumwacha mtu atumbukie kwenye hasara kwa sababu ya kutojua ni sawa na kutomwonyesha njia mtu aliyepotea, tena ni vibaya zaidi, kwa kuwa unampotosha mwenzio huku ukijua. Cicero anamuunga mkono Antipater. Na mimi pia.

Waislamu nao wana kisa cha Mtume aliyepita sokoni, akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka akajieleza kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, akasema anayedanganya si miongoni mwake. Angalia kwamba muuzaji yule hakutamka uongo wowote. Alipanga tu nafaka yake, kavu juu na mbichi chini. Ninyi mlimwonyesha mama nyumba mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi.

Kwa nini hoja ya Diogenes haisimami? Rudi kwenye swali langu: nani anaweza kuifuta kanuni ya kutomficha mtu hatari iliyo nyumbani kwake? Bosi hawezi. Akikuruhusu kunyamaza, maji hayatapungua hata inchi moja. Bunge haliwezi. Maajenti wote wa Nairobi wakikutana na kukubaliana kwamba desturi ya kazi ni kunyamaza, watakuwa wameongeza idadi ya waliokosea, basi. Mamlaka yote uliyoyataja katika barua yako yanaweza kubadilisha adhabu, jina la kosa, au anayekuona. Hayabadilishi kitakachowapata watoto wale wakilala chini usiku mto ukifurika. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini, na Mathare tuliona maji yakiingia usiku watu wakiwa wamelala. Hili si jambo la zulia kulowa.

Yupo mtu mmoja tu anayekaribia kuwa na uwezo wa kukuachilia, naye ni huyo mama. Ukimwambia, "Mama, nyumba hii masika huingia maji, mwaka jana yalifika hapa," huenda akajibu kwamba anaichukua hivyohivyo kwa kuwa iko karibu na kazi, kodi anaimudu, na masika atawapeleka watoto kwa nyanya yao. Nairobi watu wengi huishi kwa hesabu za namna hiyo, na si kazi yetu kumfanyia mtu mzima hesabu zake. Akishaamua akijua, lawama yako inapungua sana. Sisemi kwamba imekwisha, kwa sababu watoto hawakuulizwa, na kuna hatari nyingine kubwa mno kiasi kwamba hata mtu mzima akiikubali wewe hupaswi kuipangisha. Lakini ona ulichofanya kwa kunyamaza: wewe na bosi mlimwamulia. Uamuzi uliokuwa wake mliuchukua mkauweka mfukoni pamoja na dipoziti.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kuliko zote. Kanuni ya ofisi unawiwa na bosi. Sheria unawiwa na dola. Wajibu wa kimaadili unawiwa na yule atakayeumia au kunufaika, na kwa hiyo hakuna wa tatu anayeweza kukusamehe kwa niaba yake. Vitabu vingi vya somo hili huanza na uzito wa jambo, kwamba la kimaadili ni lile kubwa, linalogusa uhai, mali na utu. Uzito upo, lakini mimi siuweki mbele. Kuahidi kumrudishia jirani ndoo yake na kutomrudishia ni jambo dogo na ni la kimaadili. Kukosea fomu ya ushuru kunaweza kukufilisi na kusiwe na la kimaadili hata kidogo.

Usidhani haya ni mambo ya wasomi. Kuanzia miaka ya 1970 mwanasaikolojia Elliot Turiel na wenzake Marekani waliwauliza watoto wadogo maswali mepesi. Shuleni hairuhusiwi kufanya jambo fulani. Mwalimu akisema leo ni ruhusa, ni sawa? Kwa mambo ya utaratibu, kama mahali pa kuweka vitu au mavazi, watoto walisema ni sawa, mwalimu ameruhusu. Walipoulizwa kuhusu kumpiga mwenzio, wengi walikataa hata mwalimu akiruhusu, na sababu waliyoitoa ni kwamba mwenzio anaumia. Hao ni watoto wa shule ya chekechea. Mwenzake Turiel, Larry Nucci, aliwauliza vijana wa Waamishi, watu wa dini wanaoishi kwa masharti makali sana, kuhusu kufanya kazi Jumapili. Walio wengi walisema kama Mungu asingeweka amri hiyo, kufanya kazi siku hiyo kusingekuwa kosa. Kuhusu kumpiga mtu, wengi walisema kungebaki kuwa kosa hata bila amri.

Kwa hiyo, mama yako. Usimjibu kwamba Jumapili si kitu. Kwake yeye ni agano na Mungu wake, na mtu akivunja ahadi yake kwa Mungu anayemwamini, amevunja jambo zito. Lakini yeye mwenyewe anajua kwamba jirani Msabato anayefungua duka Jumapili na kulifunga Jumamosi si mwovu. Ukitaka kuzungumza naye kwa lugha yake, fungueni pamoja Mambo ya Walawi sura ya 19. Mstari wa 14 unakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Mstari wa 19, katika sura hiyohiyo, unakataza nguo iliyofumwa kwa nyuzi za namna mbili. Wakristo wa Nairobi wanavaa pamba iliyochanganywa na nailoni hadi madhabahuni bila kusumbuka, na hakuna hata mmoja anayedai kwamba ruhusa ya kumwangusha kipofu nayo imepatikana. Kitabu kimoja, sura moja, kanuni za aina mbili, na waumini wamezitenganisha bila kufundishwa falsafa. Mama yule wa Januari hakuwa kipofu, lakini kuhusu maji hakuwa na macho ila yako.

Mila ni ngumu zaidi, na hapa sitaki kukurahisishia. Wengine hudhani mila ni kama tai, tofauti ni kwamba imevaliwa na kabila zima. Sikubali. Mwaka 1987 mji huu ulisimama kwa kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka amzike shambani kwao Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano huku mawakili wakibishana, hadi Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo haki mwezi Mei. Miongoni mwa walioitwa kutoa ushahidi kuhusu mila alikuwa Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Nasema hivi: mahali pa kaburi ni mila, na mila hubadilika. Waluo wengi siku hizi wamezikwa kwingine na jua linachomoza. Lakini ndani ya mila ile mlikuwa na jambo lisilo la kubadilika ovyo, yaani wajibu wa kutomtupa mtu wenu, kumrudisha kwa watu wake, kuwapa wanaoomboleza mahali pa kusimama. Na mbele ya wajibu huo ulisimama mwingine, wa kumsikiliza mke aliyeishi naye na kumzalia, na wa kuheshimu matakwa ya mwenyewe kama yalijulikana. Mahakama iliulizwa mila inasemaje, ikajibu. Hukumu ilifunga kesi. Swali la nani aliwiwa nini halikufungwa, na ndiyo maana linazungumzwa hadi leo kwenye matanga. Oruka huyohuyo, katika utafiti wake na wazee wa vijijini, aliwagawa wenye hekima katika makundi mawili: wanaoijua mila vizuri na kuisimulia, na wale wanaoijua kisha wakaipima, wakasema hili lina maana na hili tuliache. Kundi hilo la pili linafanya hasa kazi ninayokuomba uifanye. Haiwezi kufanywa na anayeidharau mila, wala na anayeiogopa.

Kuhusu yule mzee uliyemwita kwa jina, sina mengi. Kuna ofisi hapahapa Westlands ambako mkurugenzi wa miaka 60 huitwa kwa jina la kwanza na hakuna anayeona ajabu. Adabu ni lugha, hutofautiana na mahali. Lakini ukiijua lugha ya mtu na ukaitumia kumshusha, umetoka kwenye adabu ukaingia kwenye maadili. Kama ilikuteleza tu, mwombe radhi, umwite mzee, yaishe.

Umesema la tai ndilo lililokutia aibu zaidi, na nashukuru kwa kusema. Si ajabu. Aibu huwashwa na macho ya watu, na siku ya tai watu walikuwepo. Siku ya nyumba mlikuwa wewe, mama na funguo, na yeye akakushukuru. Ndiyo sababu siwashauri watu wapime kosa kwa ukali wa wanavyojisikia. Majuto yanayofaa huanza unapomfikiria aliyetendewa. Jaribu: mfikirie dada yako ametoka Kakamega, ameshuka stendi na mabegi, anatafuta nyumba, amempata ajenti anayejua yote na hasemi. Kama utakasirika kwa niaba yake, basi unajua tayari. Kanuni ya maadili haibadiliki kwa kuwa safari hii aliyenyamaza ni wewe.

Ufanye nini? Kwanza mpigie mama. Usimpe maelezo marefu wala usimtupie bosi lawama kwenye simu. Mwambie ulipaswa kumwambia Januari kwamba nyumba huingia maji, maji hufika wapi, na kwa kawaida ni mwezi gani. Kisha mwambie unachoweza kumfanyia: nyumba ya juu kwenye ploti hiyohiyo ikiwepo, kwa dipoziti ileile, au kumsaidia kudai dipoziti yake ahame kabla ya mvua. Usiahidi usichoweza.

Pili, mwandikie bosi, kwa heshima, ukiwa na tai, kwamba ungependa fomu ya kuonyesha nyumba iwe na mstari wa mafuriko na mstari wa maji ya mfereji. Mpe sababu za biashara pia kama zitamlainisha. Wapangaji wanaohama kila Mei wanamgharimu. Akikataa, una haki ya kumwambia kwamba nyumba za chini za ploti ile hutazionyesha wewe. Najua kazi ni ngumu kupata, na sitakudanganya kwamba hataudhika. Sikutaki uache kazi kesho asubuhi. Nakutaka usiwe wewe unayeshika ule ufunguo ukinyamaza.

Simu, lakini, haimsubiri bosi. Piga leo jioni, mama akiwa ametoka kazini.